Februari Chini ya Aprili: Maisha ya Avis Stickland wa Sturcombe

Kasisi wetu, ndugu na majirani, na ninyi wadhamini wa Nyumba za Trevett mliokaa benchi la mbele kwa kuwa ndipo mlipozoea kukaa, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Avis Stickland, aliyezaliwa Trevett, kama alivyoyaeleza mwenyewe kwa mwanawe wa pekee, Judith, ambaye ndiye mnayemsikia, kwa agizo kwamba yasomwe yote, yasikatwe wala yasilainishwe, kwa sababu, alisema, amekaa ndani ya kanisa hili miaka sabini akisikiliza historia za marehemu zilizolainishwa hadi zinateleza, na zilikuwa zikimtia kinyaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katika nyumba ya mtunza ng'ombe ya shamba la Lower Hay, hapa Sturcombe, mtoto pekee wa Reuben Trevett na mkewe Ivy, akabatizwa kwenye birika hilo hapo mlangoni tarehe 6 Aprili ya mwaka huohuo. Shikeni hapa jambo moja, maana mengine yote yananing'inia hapo: zamani, kabla ya sheria ya mwaka 1752, mwaka katika nchi hii haukuanza Januari, ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, hivyo Januari na Februari zilikuwa miezi ya kufunga mwaka, si ya kuufungua, na kwa hesabu ya wazee wetu Avis angekuwa amezaliwa mwaka 1940 na kubatizwa mwaka 1941 akiwa na wiki nne tu, na hakuna mtu ambaye angeshangaa.

Alianza shule ya kijiji Septemba 1946, akaendelea katika shule ya wasichana ya Marlbridge kuanzia Septemba 1952 hadi Julai 1957, na kote alisifiwa kwa mwandiko na kwa unadhifu, unadhifu uliopita kiasi hadi ukakera, kwani penseli zake zilipangwa kwa urefu na vitabu vyake kwa unene, na mama yake Ivy, aliyefariki kwa ugonjwa wa kifua tarehe 30 Novemba 1955 na kuzikwa hapo nje kando ya ukuta, alikuwa akimtazama mezani na kusema, "Huyu mtoto hata njegere anazipangia foleni kwenye sahani, mimi nitamwozesha kwa nani?" Familia inataja unadhifu huo mapema kwa sababu ndio uliokuja kumla.

Tarehe 6 Januari 1958 aliajiriwa kama karani mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja mjini Marlbridge, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na moja, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, aliombwa na Kanali mstaafu Vyvyan Gorringe, mwenye jumba kubwa la kijiji hiki na mwenyekiti wa wadhamini, aje kila Jumamosi katika chumba kile cha nyuma ya madhabahu kupiga chapa madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko ya parokia, kwani Kanali alikuwa akiandika kitabu cha historia ya kijiji. Kanali alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba kila alipofunua ukurasa, kurasa za ngozi zilizodumu miaka mia mbili na zaidi, akiacha kwenye kona alama ya mate yenye rangi ya chai, na Avis alisubiri ageuke ndipo aipanguse kwa leso yake, halafu usiku akaichemsha leso hiyo peke yake, mbali na nguo nyingine.

"Avis, binti yangu," Kanali alimwambia siku ya kwanza, "makarani hawa wa zamani walikuwa walevi watupu, mara Aprili, mara Februari, hebu ninyooshee, sawa?"

"Nitayanyoosha, Kanali," Avis akajibu, na akayanyoosha kweli, akinakili kila jina katika kikaratasi chake, kisha akivipanga vikaratasi vya kila mwaka kuanzia Januari hadi Desemba, safi kama meza ya harusi, bila kujiuliza kwa nini kila ukurasa ulianza na mwisho wa Machi na kumalizikia katikati ya Machi, mwaka baada ya mwaka, na bila mtu yeyote kumwambia kwamba hakukuwa na mlevi, kwamba mwenye kukosea alikuwa ni yeye.

Kitabu cha Kanali kilitoka Mei 1962, chenye jalada la kijani, na katika ukurasa wa thelathini na moja kiliwaeleza wasomaji kwamba Thomas Trevett alifunga ndoa na Joan Pitman tarehe 27 Aprili 1731, ilhali mtoto wao Samuel alikuwa ameshabatizwa tarehe 6 Februari 1731, miezi miwili na nusu kabla ya harusi, na kwamba kwa sababu hiyo akina Trevett wote wa Sturcombe, ambao hawana babu mwingine ila Samuel huyo, ni uzao wa mwana haramu. Kilabuni watu walicheka, kwani mwaka 1962 nani angejali, na rafiki za Reuben walimpigia kelele alipoingia, "Mpisheni mwana wa nje ya ndoa!" naye akiagiza pombe yake ya tufaha akawajibu, "Ndiyo maana nina afya, ninyi wa ndani ya ndoa mmejaa baridi yabisi," na akakinunua kitabu kile, yeye ambaye hakuwa na kitabu kingine ila Biblia, kwa sababu mwishoni, kwa herufi ndogo, Kanali alikuwa amemshukuru Bi. Avis Trevett kwa kupiga chapa.

Lakini kulikuwa na wosia. John Trevett, ndugu yake Thomas, aliyetajirika kwa ngozi, aliacha mwaka 1748 nyumba nne zile za mawe zilizo chini ya kanisa, ndizo Nyumba za Trevett, wakae humo bure hadi kufa wazee waliochoka, wa uzao halali wa ndugu yangu Thomas, ndivyo alivyoandika, na wageni waingie tu iwapo uzao huo haupo. Mwaka 1964 shamba la Lower Hay liliuzwa kwa watu wenye mashine za kukamulia, na Reuben, mwenye miaka sitini na sita, arobaini kati yake akiwa miguuni mwa ng'ombe, akatakiwa kuiacha nyumba, kwani ilikuwa ya kazi na kazi ilikuwa imekwisha, basi akavaa suti yake ya maziko, akaenda kuomba nyumba namba tatu, iliyokuwa tupu tangu Pasaka, yenye mtufaha dirishani.

Wadhamini walikaa Jumanne tarehe 17 Novemba 1964, na Kanali, baada ya kumsomea ukurasa wa thelathini na moja, akamwambia, "Reuben, sisi hatuna neno na wewe, mzee wangu, ila maandishi ni maandishi, na haya kayachapa mwanao mwenyewe." Reuben aliizungusha kofia yake mikononi, akasema, "Kama ni Avis aliyeyachapa, basi ndivyo ilivyo, maana yule hakosei," akawaaga mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, akatoka. Krismasi ya mwaka huo namba tatu ilikaliwa na mzee aliyekuwa akimlindia Kanali ndege wake wa kuwindwa, mtu asiye na tone la damu ya Trevett, na familia inaomba radhi kwa kusema hivi ndani ya kanisa, lakini hata kulitamka jambo hilo kunaacha ladha mbaya mdomoni.

Reuben akapelekwa Marlbridge, maili kumi na nne kutoka hapa, katika nyumba ya wazee ambayo zamani ilikuwa nyumba ya mafukara na ilikuwa imebadilishwa kibao tu, na humo, yeye aliyewaosha ng'ombe wake viwele kwa maji ya uvuguvugu kila alfajiri, alilishwa kabichi lililochemshwa tangu asubuhi, akalazwa kwenye shuka zilizofuliwa zisitakate, katika ukumbi wa vitanda ishirini na vinne ulionuka mikojo, dawa ya sakafu na mchuzi wa jana. Avis alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja asiyeruhusu wanaume, na hata alipofunga ndoa na Denis Stickland, tarishi wa posta, hapa kanisani, tarehe 5 Juni 1965, na Denis akamwomba mkwewe mara mbili aje kuishi kwao, Reuben alikataa, akisema, "Mna vyumba viwili na mko wapya, mimi nitalala wapi, chini ya meza kama mbwa?" Wakamwacha mpaka wapate nyumba kubwa, na kila Jumapili walipomtembelea walimkuta amekiweka kitabu kile cha kijani juu ya blanketi, akimwonyesha mhudumu ukurasa wa mwisho na kumwambia, "Huyu hapa, mwanangu, soma jina," na mhudumu, ambaye alishausoma mara mia, akisema, "Naona, babu, naona." Alifariki tarehe 21 Januari 1967, na kwa kuwa hakuwa tena mkazi wa Sturcombe hakuwa na haki ya kulala karibu na mkewe, akazikwa katika makaburi ya mji, upande wa watu wa ile nyumba, chini ya kibao cha chuma chenye namba 412.

Avis na Denis walijaliwa mtoto mmoja, Judith, aliyezaliwa tarehe 11 Agosti 1968, na maisha yakaenda, hadi Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1978, Avis alipohudhuria darasa la kusoma madaftari ya zamani katika jumba la nyaraka la kaunti, ambako mwalimu, akimeza andazi, alitaja kama jambo la kupitia tu kwamba kabla ya 1752 Februari hufuata baada ya Aprili, na kwamba kila mwaka anapata angalau mwanafunzi mmoja aliyemfanya babu yake mwana haramu bure. Watu wakacheka. Avis alitoka bila koti lake, akapanda basi, akaomba ufunguo kwa mtunza kanisa, akalifungua daftari la 1731, na hapo, katika ukurasa ambao mikono yake mwenyewe iliushika akiwa na miaka kumi na tisa, ndoa ya Thomas na Joan ilikuwa juu, na ubatizo wa Samuel ulikuwa chini, chini kabisa, miezi tisa na siku kumi baada ya harusi, mahali ambapo karani aliuandika kwa sababu ndipo ulipotokea. Pembeni, kwenye kona, ilikuwepo bado alama ya kidole gumba cha chai. Alitapika ndani ya ndoo ya maua, akaiosha, akarudisha ufunguo.

Ile haikuwa karaha yake kubwa, kwani hadi hapo alijichukia mwenyewe tu, na alidhani Kanali alikosea kwa kumfuata yeye. Karaha kubwa ilikuja tarehe 22 Februari 1979, alipoomba katika jumba hilohilo kitabu cha baraza la kabaila, ambamo ilikuwa desturi kuandika kila mkulima alipokufa na nani aliyepokelewa katika ardhi yake, akakuta kwamba tarehe 3 Oktoba 1756, mbele ya msimamizi na wazee kumi na wawili walioapishwa, alipokelewa Samuel, mwana halali na mrithi wa Thomas Trevett, na wazee hao baadhi yao walikula kwenye harusi ile na wasingempa mwana wa nje hata shimo la panya. Ndani ya kitabu kulikuwa na kikaratasi cha mtu wa mwisho kukiomba, maana jumba lile huacha vikaratasi hivyo mahali pake, na kikaratasi kilikuwa na saini ya V. Gorringe na tarehe 5 Novemba 1964, siku kumi na mbili kabla ya kikao, kikiwa kimechomekwa kwenye ukurasa uleule wa Samuel, na kwenye kona ya ukurasa palikuwa pamelambwa.

Avis alikwenda kwenye jumba kubwa siku hiyohiyo, akaingizwa sebuleni, ambako Kanali, wakati huo mzee wa miaka themanini na moja, alikuwa akilisha mbwa wake siagi kwa kisu alichoendelea kukitumia kwa mkate wake mwenyewe.

"Ulijua," Avis akamwambia, akiwa amesimama.

"Kaa basi, Avis, unywe chai."

"Ulikisoma kile kitabu ukajua, halafu ukamsomea baba yangu ukurasa wangu."

"Sikiliza, binti yangu," Kanali akasema, akilamba kisu, "nilikuwa na mtu wangu wa kumpa nyumba, ameniangalia miaka thelathini, na baba yako hakulalamika, ulimsikia akilalamika? Kosa lenyewe ni lako, nikitangaza leo aibu itakuwa ya nani? Mimi ninakusitiri."

Marehemu alisimulia maneno hayo nyumbani kwake kwa miaka thelathini na minane bila kubadilisha hata moja, na kila mara alipofika kwenye neno ninakusitiri aliinuka kwenda kunawa mikono.

Kanali alifariki mwaka 1983, akazikwa hapa karibu na mlango, mnalipita jiwe lake. Avis alitumia kila alasiri iliyobaki ya maisha yake kuwatafutia wengine babu zao katika madaftari haya, bila malipo, watu wa Kanada, wa Bristol, wa kijiji cha pili, na kila alichowakabidhi kiliandikwa mwaka kwa namna zote mbili, wa zamani na wa sasa, na kila aliyemsifu kwa uangalifu alijibiwa, "Usinisifu, mwulize baba yangu." Aliwaandikia wadhamini mwaka 1979, 1986, 1994, 2003 na 2011, hakuomba nyumba wala fidia, aliomba kitu kimoja, kwamba katika kitabu cha vikao, pembeni mwa uamuzi wa tarehe 17 Novemba 1964, iandikwe kuwa Reuben Trevett alikuwa wa uzao halali na alinyimwa kwa kosa, na mara zote tano alijibiwa kwamba wadhamini wameipokea barua yake kwa furaha. Furaha ndilo neno walilotumia, mara tano, na barua hizo Judith anazo.

Denis alimtangulia tarehe 19 Mei 2009, na kwa ombi lake mwenyewe majivu yake yalimwagwa kwenye njia yake ya barua. Avis alianza kuumwa Septemba 2016, akagundulika na saratani ya kongosho tarehe 4 Oktoba, akauguzwa nyumbani, kisha hospitalini kuanzia tarehe 16 Januari mwaka huu, na huko, tarehe 25 Januari, alitembelewa na Bi. Rosalind Gorringe, binti wa Kanali na mwenyekiti wa sasa, aliyekuja na zabibu.

"Bi. Stickland, tumekufikiria sana," Bi. Gorringe akasema. "Tungependa kuweka benchi la mwaloni kwenye bustani ya Nyumba, lenye jina lako. Na kasisi ametukubalia sehemu ya kaburi, pale pale karibu na mama yako."

"Na kitabu cha vikao?"

"Ah, mama, kile ni cha zamani mno, si vizuri kuchafua kurasa za zamani."

"Baba yako mbona alizichafua zote?" Avis akamwambia. "Benchi kalieni wenyewe. Nesi, mwanangu, hebu niondolee hizi zabibu, zinanuka siagi."

Alifariki Alhamisi tarehe 2 Machi 2017, saa tatu asubuhi, akiwa na akili timamu, wiki moja kabla ya kutimiza miaka sabini na sita, mkono wake ukiwa mkononi mwa Judith.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, majirani wa Mill Row walioleta keki za tufaha na kuondoka bila kukaa sana, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya wakili, waliokuja wanne na wote wazee, na watumishi wa jumba la nyaraka la kaunti, ambao wiki iliyopita walithibitisha kwa maandishi kwamba kikaratasi cha Kanali bado kipo mahali pake. Wadhamini hawa tunawashukuru kwa sandwichi zilizoandaliwa ukumbini, tunaomba wazile wao, na tunawakumbusha kwamba leo ni tarehe 17 Machi, hivyo kwa hesabu ya akina Thomas mwaka haujaisha, zimebaki siku nane za kuandika mstari mmoja.

Sisi hatuelekei ukumbini, wala jeneza hili haliteremki hapo nje. Marehemu alisema mama yake amezungukwa na watu wake wote na hana upweke, baba yake hana mtu, basi tunaondoka sasa hivi kwenda Marlbridge, maili kumi na nne, na anayetaka kutufuata atufuate, hadi kwenye namba 412, ambako kile kibao cha chuma kimeng'olewa jana na limesimamishwa jiwe ambalo Avis aliliagiza mwenyewe Novemba na kulisahihisha kwa penseli mara tatu, na ambalo, kasisi alitueleza kwa upole, lisingeruhusiwa katika makaburi ya kanisa hili kwa maneno yake. Limeandikwa hivi: Reuben Trevett, mtunza ng'ombe, 1898 hadi 1967, wa uzao halali wa Thomas na Joan, na pamoja naye Avis, binti yake, aliyemkosea kwa kupanga vizuri.

Pumzika, Mama, kando ya babu, ambaye hata leo angesema hukukosea.